Mashine za Bei Nafuu Zilizotutangulia Mwezini

Mtu wa kwanza kuzikwa Mwezini alipelekwa huko na mashine. Eugene Shoemaker, mwanajiolojia wa Marekani aliyewafundisha wanaanga wa Apollo kusoma mawe, alitamani sana kwenda mwenyewe, lakini ugonjwa wa tezi ulimnyima nafasi hiyo. Alifariki kwa ajali ya gari nchini Australia mwaka 1997. Majivu yake kidogo yakatiwa ndani ya kichupa, kichupa kikafungwa kwenye chombo kiitwacho Lunar Prospector, na tarehe 31 Julai 1999 chombo hicho kiliangushwa kwa makusudi ndani ya kreta yenye giza karibu na ncha ya kusini ya Mwezi. Waliokiangusha walikuwa wanatafuta maji. Walitumaini kishindo kingerusha wingu la mvuke ambalo darubini za huku duniani zingeliona. Hazikuona kitu.

Safari yote hiyo iligharimu dola milioni 63 hivi. Apollo ilimeza zaidi ya dola bilioni 25 za wakati ule. Kwa fedha hizo watu 12 walitembea Mwezini na kilo 382 za mawe na udongo zikaletwa nyumbani, kazi ambayo hakuna mwenye akili timamu anayeweza kuibeza. Hata hivyo, swali linalozichemsha bongo za wahandisi leo, la kama binadamu anaweza kuhamia Mwezini badala ya kuzuru na kurudi, halikuachwa na Apollo. Liliibuliwa na vyombo vidogo vya bajeti ya kubana, vingine vikiwa vimeundwa kwa vifaa vya kuazima, na vingi vikiishia kuvunjika. Msimamo wangu nautoa mapema: bei nafuu imelipa, ila imewalipa wale tu waliokubali kuanguka, kuchunguza walikoteleza, na kurudi tena.

Kuugonga kabla ya kutua

Hatua ya kwanza ilikuwa kulenga shabaha tu. Septemba 1959 chombo cha Wasovieti, Luna 2, kiliugonga Mwezi, kikawa kitu cha kwanza kilichotengenezwa na mkono wa mtu kufika kwenye gimba jingine la angani. Mwezi uliofuata Luna 3 ilizunguka nyuma na kupiga picha za upande ambao hauonekani kutoka duniani. Picha zilikuwa na ukungu, lakini zilitosha kuonyesha kwamba upande ule una mashimo mengi na nyanda nyeusi chache mno.

Marekani ilijibu kwa vyombo vya Ranger, na kwa miaka mitatu ikavuna aibu. Vile viwili vya kwanza, mwaka 1961, havikufanikiwa kuachana na Dunia. Ranger 3 ikaukosa Mwezi. Ranger 4 ikaugonga upande wa nyuma ikiwa imeshakufa njiani. Ranger 5 ikaukosa pia. Mwanzoni mwa 1964 Ranger 6 ilifika pale pale ilipolengwa, ila kamera zake hazikuwaka. Uchunguzi wa mikosi hiyo ya mfululizo ulifichua, pamoja na mengine, kwamba vyombo kadhaa vilikuwa vimepikwa kwenye joto la nyuzi 125 ili vijidudu vya duniani visiende kuuchafua Mwezi, na joto hilohilo huenda liliidhoofisha mitambo yao. Ranger 7 ndiyo iliyotoa nuksi. Tarehe 31 Julai 1964, katika dakika zake za mwisho kabla ya kujibamiza, ilirusha zaidi ya picha 4,000, na zile za mwisho zilionyesha vitu vidogo mno ambavyo darubini yoyote ya duniani isingeviona.

Mwambao wetu nao ulikuwa na kiti kidogo katika mashindano hayo ya anga, japo si cha Mwezi wenyewe. NASA ilikuwa na kituo Tunguu, Unguja, kilichofuatilia safari za wanaanga wa kwanza wa Marekani zilizoitwa Mercury. Kilifungwa mwaka huohuo wa 1964, baada ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Kugonga ni jambo moja, kutua ni jingine. Mwezi hauna hewa, kwa hiyo mwavuli haufai kitu. Kila chembe ya mwendo lazima iuawe kwa injini, na injini hula mafuta, na mafuta ni uzito. Isitoshe, hakuna aliyejua uso wenyewe ni mgumu kiasi gani. Mwanaastronomia Thomas Gold alikuwa ameonya kwamba huenda sehemu za Mwezi zimefunikwa na vumbi laini lenye kina kirefu, na chombo kingeweza kudidimia. Tarehe 3 Februari 1966 Luna 9, baada ya majaribio mengi ya Wasovieti yaliyofeli, ilidondosha mpira wenye uzito wa kilo 100 hivi ukiwa umezungushiwa mifuko ya hewa. Ukadunda, ukatulia, ukafungua mabapa yake manne, ukaanza kupiga picha. Haukudidimia.

Kisa cha picha hizo ni kitamu. Waingereza wa kituo cha Jodrell Bank walikuwa wameielekeza antena yao kubwa kule, wakanasa mawimbi na kugundua kwamba mlio wake unafanana na ule wa mashine zilizotumiwa na magazeti kupokea picha kwa simu. Wakaazima mashine kutoka gazeti la Daily Express. Wasomaji wa London wakauona uso wa Mwezi kabla Moscow haijautangaza.

Miezi minne baadaye Surveyor 1 ya Marekani ilitua kwa miguu yake, na vyombo vitano kati ya saba vya mfululizo huo vilifanikiwa. Njia ya Apollo ikawa wazi.

Gari lililoendeshwa kutoka Crimea

Kama ningeambiwa nichague mashine moja tu ya enzi zile nikaitazame kwa karibu, ningechagua Lunokhod, gari la Wasovieti. Ile ya kwanza ilishuka Mwezini tarehe 17 Novemba 1970, ikiwa na kilo 756, magurudumu manane, na kifuniko kikubwa cha duara juu ya mgongo. Mchana kifuniko kilifunguliwa, na upande wake wa ndani ulikuwa umepangwa seli za sola. Usiku, ambao Mwezini hudumu karibu siku 14 za kwetu, kilifungwa ili kulinda joto lililotolewa na kipande cha poloni, elementi yenye mionzi.

Waendeshaji wake walikaa karibu na Simferopol, Crimea, watu watano kwa zamu: kamanda, dereva, mwelekezaji wa njia, mhandisi na msimamizi wa antena. Dereva hakuwa na picha ya video. Aliona picha mnato, nyeusi na nyeupe, zikibadilika kila baada ya sekunde kadhaa. Juu ya hapo, mawimbi ya redio huchukua sekunde 1.3 kufika Mwezini na muda huohuo kurudi. Shimo lililoonekana mbele kwenye kioo, gari lilikuwa limeshalisogelea zaidi. Amri ya kusimama nayo ilichelewa njiani. Kwa mtindo huo Lunokhod 1 ilitembea kilomita 10.5 na kudumu zaidi ya miezi kumi.

Lunokhod 2, iliyofika Januari 1973, ilikwenda kilomita 39, rekodi ambayo haikuvunjwa na gari lolote nje ya Dunia hadi Opportunity ilipoipita huko Sayari ya Mars mwaka 2014. Kifo chake kilisababishwa na kitu kidogo mno. Ikiwa ndani ya kreta, kifuniko chake kilichokuwa wazi kiligusa ukuta na kuchota udongo. Usiku ulipokuja, waendeshaji walikifunga kama kawaida, na udongo ule ukamwagika juu ya sehemu ya kupoozea mitambo. Vumbi la Mwezi halipitishi joto. Jua lilipochomoza, gari lilipata joto kupita kiasi likafa. Kila anayechora nyumba za Mwezini leo angepaswa kuanzia hapo: adui wa kwanza wa mlowezi ni vumbi, kali na lenye kung'ang'ania, linaloingia kila mahali.

Mwaka 1993, Urusi ikiwa na shida ya fedha, gari hilo lilipigwa mnada na Sotheby's likiwa hukohuko Mwezini. Mtengenezaji wa michezo ya kompyuta, Richard Garriott, alilinunua kwa dola 68,500. Hajapata usafiri wa kwenda kulichukua. Lunokhod 1 nayo ilipotea kwenye ramani kwa miongo kadhaa, hadi picha za chombo cha Marekani kilichokuwa kikizunguka Mwezi zilipoionyesha mwaka 2010. Wanasayansi wakaimulika kwa leza kutoka duniani, na kioo chake kikarudisha mwanga vizuri ajabu kwa kitu kilichokaa nje miaka 40.

Wasovieti walileta pia udongo kwa roboti. Luna 16, mwaka 1970, ilirudi na gramu 101, na jumla ya safari zao tatu ilikuwa kama gramu 300 tu. Ukiweka gramu hizo kando ya kilo 382 za Apollo unaona kwa nini wengi walisema roboti ni kazi bure. Agosti 1976 Luna 24 ilileta fungu la mwisho, na dunia ikafunga virago. Kwa zaidi ya miaka 13 hakuna chombo kilichokwenda Mwezini.

Harufu ya maji

Waliouamsha Mwezi tena walikuwa Wajapani, na waliuamsha kwa mbinu ya mtu asiye na fedha. Januari 1990 walirusha Hiten, chombo kilichokusudiwa kupita karibu na Mwezi tu huku kikiachia chombo kidogo zaidi kiuzunguke. Redio ya kile kidogo ikafa. Ndipo Edward Belbruno na James Miller, wa maabara ya JPL ya Marekani, walipowapelekea hesabu za njia ya ajabu: chombo kinakwenda mbali sana kupita Mwezi, mahali ambapo mvuto wa Jua na wa Dunia unashindana, kisha kinarudi polepole na kunaswa na Mwezi karibu bila kutumia mafuta. Safari huchukua miezi badala ya siku. Hiten ilifika hivyo Oktoba 1991. Njia ya namna hiyo ndiyo iliyotumiwa mwaka 2022 na Danuri ya Korea Kusini na CAPSTONE, chombo cha kilo 25 kilichorushwa kwa roketi ndogo kutoka New Zealand. Asiye na fedha za mafuta hulipa kwa muda, na roboti, tofauti na mtu, haili wala hainywi njiani.

Mwaka 1994 ikaja Clementine, chombo cha jeshi la Marekani kilichojengwa kwa miezi 22 kwa dola milioni 80 hivi, ili kujaribu kamera na vitambuzi vilivyobuniwa kwa ajili ya kufuatilia makombora. Mwezi ulikuwa uwanja wa majaribio tu. Lakini mawimbi yake ya redio, yalipoelekezwa kwenye ncha ya kusini, yalirudi kwa namna inayofanana na mwangwi wa barafu. Wiki chache baadaye kompyuta yake ilichachamaa, ikafungulia injini ndogo hadi mafuta yakaisha, na chombo kikaenda arijojo kikijizungusha. Kazi ya Mwezi ilikuwa imeshakwisha.

Wazo la barafu halikuwa geni. Mhimili wa Mwezi umeinama kwa nyuzi 1.5 tu, hivyo kwenye ncha zake Jua hutambaa kwenye upeo bila kupanda, na chini ya kreta kadhaa mwanga haujafika kwa muda mrefu usiohesabika. Huko baridi hushuka chini ya nyuzi 200 hasi. Watson, Murray na Brown, wanasayansi watatu wa Marekani, waliandika mwaka 1961 kwamba maji yaliyoingia humo yangeganda na kubaki. Hakuna aliyekwenda kuangalia. Apollo zote zilitua maeneo yaliyo mbali na ncha, penye usalama na mwanga.

Ndiyo maana Lunar Prospector ya Alan Binder, kabla ya kuangushwa na majivu ya Shoemaker, ilikuwa na uzito wake katika historia. Haikuwa na hata kamera. Ilihesabu nyutroni zinazotoka ardhini, na hesabu zake za mwaka 1998 zilionyesha haidrojeni nyingi kwenye ncha zote mbili. Haidrojeni si lazima iwe maji, na wabishi walishikilia hapo kwa miaka kumi.

Ubishi ulimalizwa mwaka 2009, na walioumaliza ni India pamoja na kundi dogo la wahandisi wa NASA. Chandrayaan-1, safari ya kwanza ya India kwenda Mwezini, iliondoka Oktoba 2008 kwa gharama iliyokaribia dola milioni 80. Ilidondosha kifaa kidogo chenye bendera ya nchi tarehe 14 Novemba, siku ya kuzaliwa kwa Nehru. Lakini kilicholeta habari kubwa ni kipimo cha Kimarekani kilichokuwa kimepewa lifti ndani yake, kikisimamiwa na Carle Pieters wa Chuo Kikuu cha Brown: kiliona dalili za maji na chembe za jamii yake zimesambaa juu ya udongo, hata penye jua. Chombo kilikatika mawasiliano Agosti 2009 kabla ya muda wake. Habari ya maji ilitangazwa mwezi uliofuata.

Kisha ikaja LCROSS. Roketi iliyokuwa inapeleka chombo kingine ilibaki na nafasi, na NASA ikatoa dola milioni 79 kwa masharti makali: mkizidisha bajeti, mnafutwa. Wahandisi walinunua vifaa vilivyokwisha tengenezwa kwa kazi nyingine za viwandani. Badala ya kuunda kitu cha kugongea, walitumia hatua ya juu ya roketi yenyewe, chuma chenye uzito wa tani mbili na zaidi ambacho kwa kawaida ni takataka. Tarehe 9 Oktoba 2009 kilijibamiza ndani ya kreta ya Cabeus, na LCROSS ikapita nyuma yake ndani ya wingu lililoruka, ikipima, dakika nne hivi kabla nayo haijaanguka. Waliokesha na darubini za nyumbani hawakuona lolote na walilalamika. Vipimo viliona maji, kama kilo 155 za mvuke na barafu, pamoja na gesi nyingine.

Tangu siku hiyo Mwezi ukawa mahali panapoweza kukaliwa. Maji hunywewa. Ukiyapasua kwa umeme unapata oksijeni ya kupumua, na haidrojeni ambayo ikiungana tena na oksijeni ni mafuta ya roketi. Kila lita itakayochimbwa kule haitabebwa kutoka huku.

Nauli ya kwenda kule

Wakati huo matajiri walikuwa wameshaingia uwanjani. Mwaka 2007 ilitangazwa zawadi ya Google Lunar X Prize: dola milioni 20 kwa kundi binafsi la kwanza litakalotua Mwezini, kutembea mita 500 na kutuma video. Tarehe ya mwisho ilisogezwa tena na tena. Ilipofika 31 Machi 2018, hakuna aliyekuwa hata ameruka. Wengine waliita zawadi hiyo kiini macho. Naona wamekosea, maana makundi yaliyotajwa katika historia iliyofuata, SpaceIL ya Israel, ispace ya Japani na Astrobotic ya Marekani, yote yalilelewa na mashindano yale.

SpaceIL ndiyo iliyotangulia. Chombo chao, Beresheet, kilichogharimu karibu dola milioni 100, kilifika Mwezini na kuanguka tarehe 11 Aprili 2019, injini ilipozimika wakati wa kushuka. Septemba mwaka huohuo chombo cha India cha Chandrayaan-2 nacho kilipotea kikiwa karibu kabisa na ardhi.

NASA ilikuwa imebadili mtindo tangu 2018. Badala ya kumiliki chombo, ilianza kulipa nauli ya mizigo yake kwa kampuni binafsi, kama mtu anayepeleka kifurushi stendi kikapande basi la mkoani, asijali basi ni la nani mradi kifike. Mpango huo, unaoitwa CLPS, ulitengewa hadi dola bilioni 2.6 kwa miaka kumi. Wakubwa wake walisema wazi kwamba wanategemea nusu ya safari zifeli. Nusu hiyo imepatikana bila taabu.

Peregrine ya Astrobotic ilivuja mafuta saa chache baada ya kuruka Januari 2024 na kuishia kuungua juu ya Pasifiki. Mwezi uliofuata Odysseus ya Intuitive Machines ilikuwa ya kwanza ya kampuni binafsi kutua, ila ilivunja mguu ikalala upande. Chanzo cha shida zake kingemfedhehesha fundi yeyote: swichi ya usalama ya kipimo cha leza haikufunguliwa kabla ya roketi kuondoka, na kule angani hakukuwa na mkono wa kuifungua. Machi 2025 ndugu yake, Athena, iliyobeba kekee ya kuchimba barafu karibu na ncha ya kusini, ililala ubavu ndani ya shimo na kuzimika. Siku chache kabla yake, tarehe 2 Machi, Blue Ghost ya Firefly ilikuwa imetua wima kwenye bonde la Mare Crisium kwa mkataba wa dola milioni 101. Ilifanya kazi siku 14 ikiwa na mizigo kumi ya NASA, na ikathibitisha kwamba hata mawimbi dhaifu ya setilaiti zinazoongoza simu zetu barabarani yanaweza kunaswa Mwezini.

Anguko lenye somo kubwa zaidi ni la Hakuto-R ya ispace, Aprili 2023, lililoangamiza pia Rashid, kigari cha kilo 10 cha Dubai, cha kwanza kutoka nchi ya Kiarabu. Chombo kilishuka vizuri hadi kilipopita juu ya ukingo wa kreta. Ardhi chini yake ikashuka ghafla kwa kilomita kama tatu. Kipimo cha urefu kilisema kweli, lakini programu ilikuwa imefundishwa kutoamini mruko mkubwa kiasi hicho, ikakipuuza. Kompyuta ikaamini imefika chini wakati bado ilikuwa kilomita tano juu, ikaendelea kushuka polepole hadi mafuta yakaisha. Mahali pa kutua palikuwa pamebadilishwa baada ya programu kubuniwa, na mazoezi ya eneo jipya hayakutosha. Ispace walirudi Juni 2025, wakaanguka tena.

Anayeonyesha jinsi ya kurudi ni India. Baada ya anguko la 2019, wahandisi wa ISRO, shirika la anga la India, ambao baadaye waliongozwa na S. Somanath, walianza na orodha ya yanayoweza kwenda mrama. Wakaimarisha miguu, wakaongeza mafuta, wakapanua eneo la kutulia kuwa kilomita 4 kwa 2.5. Kwa kuwa roketi yao haikuwa na nguvu za kukirusha chombo moja kwa moja, walikizungusha Dunia mara kadhaa, kila mzunguko ukizidi kurefuka. Tarehe 23 Agosti 2023 Chandrayaan-3 ilitua kusini ya mbali kuliko chombo chochote kabla yake, kwa bajeti ya dola milioni 75 hivi, siku nne tu baada ya Luna 25 ya Urusi kuanguka. Kigari chake, Pragyan, cha kilo 26, kilitembea mita mia moja na kidogo. Msumari wa kupimia joto uliochomekwa udongoni ulionyesha zaidi ya nyuzi 50 juu na karibu nyuzi 10 hasi sentimita nane tu chini. Kwa mjenzi wa nyumba, kipimo hicho kina thamani kubwa kuliko picha nyingi: udongo wenyewe ni blanketi.

Kati ya vyote, kinachonivutia zaidi ni kidogo kuliko vyote. Januari 2024 chombo cha Japani, SLIM, kilitua mita 55 tu kutoka kilipolengwa, lakini kichwa chini. Tunajua hivyo kwa sababu kabla ya kugusa ardhi kilidondosha SORA-Q, roboti ya gramu 250 iliyobuniwa na kampuni ya vifaa vya kuchezea watoto ya Tomy, ikishirikiana na shirika la anga la Japani, Sony na Chuo Kikuu cha Doshisha. Ni mpira unaotosha kiganjani. Ulipofika chini ulijifungua vipande viwili vikawa magurudumu, ukajikongoja, ukaigeukia SLIM na kuipiga picha ikiwa imesimama kwa pua. SLIM yenyewe, ambayo haikuundwa kuhimili usiku wa Mwezini, iliamka baada ya usiku tatu.

China imefuata njia nyingine, ya hazina ya serikali na mpango wa muda mrefu. Tangu 2013 kila chombo chake cha kutua kimefanikiwa, na mwaka 2024 Chang'e 6 ilileta gramu 1,935 kutoka upande wa nyuma, jambo ambalo halijawahi kufanywa na mwingine. Anayedai kwamba soko huria ndilo njia pekee ya Mwezini aanze kwa kuijibu China.

Kilichobaki

Pamoja na haya yote, hadi leo hakuna mashine iliyotua salama na kuigusa barafu ya ncha ya kusini. Athena ilianguka na kekee yake. Lunar Trailblazer, iliyotakiwa kuchora ramani ya maji, ilipoteza mawasiliano siku moja baada ya kurushwa Februari 2025. Gari la VIPER, lililojengwa mahsusi kuitafuta, lilifutwa na NASA Julai 2024 baada ya kula karibu dola milioni 450, kisha mwaka uliofuata likapewa kampuni ya Blue Origin ilipeleke. Hatujui barafu ni vipande au ni chembe zilizochanganyika na udongo, na tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama kuna mgodi au hakuna. Mtu anayekuuzia ndoto ya mji Mwezini kabla ya jibu hilo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Jibu linahitaji vyombo vingi vidogo vinavyoweza kupotea bila kuifilisi nchi, na hapo ndipo mlango umeanza kufunguka kwa wengine. Astrobotic iliwahi kutangaza nauli ya dola milioni 1.2 kwa kilo hadi ardhini Mwezini. Kifaa chenye uzito wa SORA-Q kingelipiwa dola 300,000, gharama ya kukiunda ikiwa mbali. Setilaiti ya Kenya, Taifa-1, iliyorushwa Aprili 2023, iligharimu shilingi milioni 50 za Kenya, yaani zaidi ya nauli hiyo. Rwanda, pamoja na Nigeria, ilitia sahihi Makubaliano ya Artemis, ya ushirikiano katika uchunguzi wa anga, Desemba 2022, zikiwa nchi za kwanza za Afrika kufanya hivyo. Sahihi peke yake haichimbi. Vyuo vikuu vya Nairobi, Dar es Salaam, Kigali na Kampala viungane kwa kipimo kimoja tu, cha joto au cha vumbi, kisichozidi robo kilo, na serikali ziwaahidi wahandisi wake mapema kwamba kikianguka, watalipiwa nauli ya mara ya pili.